Likizo Yako Ni ya Mwezi Gani?

Mtu akipanga likizo kwa kawaida huanza na jina la mahali. Amesikia Ruaha ina simba wengi, au ameona picha ya maua ya Kitulo, basi anahesabu siku na nauli, na mwezi unakuja mwisho kabisa, kufuatana na ruhusa aliyopewa kazini. Kwa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa mpaka Mbeya na kushuka hadi Ziwa Nyasa, mpango wa namna hiyo huharibu safari nyingi kuliko ubovu wa barabara. Uwanda unaowaka kwa maua mwezi wa pili, mwezi wa saba una nyasi kavu na upepo unaokata masikio. Mto unaojaa tembo Septemba, ukiufikia Februari utaona maji mengi na wanyama wachache. Kwa hiyo nakushauri uanze upande wa pili: tazama kwanza karatasi ya likizo imeandikwa mwezi gani, kisha mwezi huo ukuchagulie mahali. Nchi hii ya milima ina cha kukupa karibu mwaka mzima, ila haikipi mahali pamoja.

Sababu ya kulisisitiza jambo hili ni kwamba ushauri mwingi wa utalii nchini umeandikwa kwa kuangalia Kaskazini na pwani. Huko mvua ni mbili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na katikati yake Januari na Februari hupata nafuu. Ndiyo maana utasikia kwamba Februari ni mwezi mzuri wa Zanzibar, na kwamba huo ndio wakati wa kuwaona nyumbu wakizaa kusini mwa Serengeti. Ni kweli kabisa, kwa huko. Ukishapita Mikumi na kupanda mlima Kitonga, unaingia katika nchi ya mvua moja ndefu. Huanza Novemba, pengine Desemba, na hushika bila kuachia hadi Aprili. Tukuyu na Kyela huendelea hata Mei. Baada ya hapo ni ukavu mtupu mpaka Oktoba. Aliyesoma kwamba Februari ni mkavu akaja Iringa, amekuja katikati ya mvua, na kosa si lake wala si la Iringa.

Tuanze na Desemba, kwa kuwa ndio mwezi wa Watanzania wengi. Shule zimefungwa, ofisi zinapumzika, na ndugu wa Kihesa, Mafinga au Uyole wanakusubiri kwa Krismasi. Vitabu vya wageni karibu vyote vitakuambia kwamba huu si msimu, na wengi wetu tumeuamini usemi huo mpaka likizo ya Desemba ikabaki ya kukaa sebuleni kwa shemeji. Lakini msimu wa nani? Anayesema hivyo anafikiria wanyama wakubwa peke yao. Kwa anayependa kijani, maji, maua na nchi inayoamka, kuanzia katikati ya Desemba hadi Machi ndio msimu wenyewe, na mahali pake ni upande wa Mbeya.

Hapo Kitulo haina mpinzani. Ni uwanda ulio kwenye kimo cha takriban mita 2,600, kati ya Mbeya na Makete, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ukifika, usitarajie zulia la rangi moja kama la kwenye kalenda. Maua mengi ya Kitulo ni madogo, na okidi zake, ambazo ni aina zaidi ya 40, humea ardhini katikati ya nyasi badala ya kuning'inia mitini. Lazima uchuchumae. Kwenye bua moja lisilofika goti utahesabu maua kumi au kumi na tano, kila moja na mdomo wake mdogo uliochanika pembeni, mengine meupe, mengine ya njano yenye madoa. Ukiinuka unaona kwenye miteremko maua marefu yenye rangi ya moto yamesimama kama mienge, na wakati huohuo mbayuwayu wa bluu, ambao hufika huko na mvua ili kuzaliana, wanakata hewa juu ya kichwa chako. Yote haya yanategemea mvua. Zikishakauka nyasi mwezi wa sita, okidi hubaki chini ya udongo kama kiazi kidogo, na wewe uliyepanda mpaka juu huna utakachokiona zaidi ya upeo.

Viazi hivyo ndivyo vilivyofanya uwanda huo uhitaji ulinzi. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda, na soko hilo lilimaliza okidi za huko kabla ya kugeukia za kwetu. Okidi iliyong'olewa kiazi hairudi. Muuzaji akikuonyesha mizizi hiyo njiani usinunue, na ukiwa hifadhini usichume ua hata moja, hata kwa picha.

Mvua je? Hilo ndilo pingamizi la kwanza, na ni la haki. Barabara kuu ya Dar es Salaam, Iringa hadi Mbeya ni ya lami, na ya Mbeya, Tukuyu hadi Kyela vilevile, kwa hiyo mvua haikuzuii kufika mjini. Shida huanza unapoiacha lami. Kupanda Kitulo kutokea Chimala kuna njia ya Matamba ambayo madereva wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake, na tope likiwa bichi hakuna gari dogo la kujaribu huko. Tafuta gari linalovuta kwa magurudumu yote, na dereva anayeipita njia hiyo kila wiki. Panda asubuhi. Katika milima hii mvua nyingi hunyesha mchana kuelekea jioni, na anayeondoka saa kumi na mbili alfajiri kwa kawaida huwa ameshatazama maua yake na kuanza kuteremka kabla wingu halijashuka. Ratiba ya namna hiyo inakutaka uache siku moja ya akiba, isiyopangiwa kitu, ili kesho ya mvua isikuvurugie safari nzima. Mwenye siku tatu tu mwezi wa Februari akipanga Kitulo, kreta ya Ngosi na ufukwe wa Matema zote, amejitafutia masikitiko.

Kwa wanaobaki Iringa miezi hiyo, mvua huleta ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi inachipua, wagemaji wanakata ncha za machipukizi na kukinga utomvu, na vijijini kuanzia Kilolo hadi Mufindi utaona vyombo vya kukingia vimefungwa kwenye mashina. Ulioteremshwa asubuhi ni mtamu na mwepesi, huitwa mtogwa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na huo unahitaji heshima. Uonje mahali unapogemwa, siku ileile, maana ulanzi hausubiri safari ndefu. Yupo atakayekuambia kwamba utamaduni hauna msimu, kwamba makumbusho hufunguliwa mwaka mzima. Kwa makumbusho ni kweli. Lakini utamaduni ulio hai hufuata shamba. Desemba na Januari watu wako kwenye palizi na ukimtafuta mwenye nyumba saa tatu asubuhi humpati. Julai hadi Septemba ghala limejaa, ndipo harusi, ngoma na sherehe za ukoo zinapokuja. Agosti pia kuna Nanenane kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ambako kwa siku chache unaona mazao ya Nyanda zote za Juu Kusini mahali pamoja: mchele wa Kyela na Usangu, kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi, parachichi za Rungwe na Njombe.

Sasa chukua ruhusa ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Hapa mizani inageuka na Iringa inachukua nafasi ya kwanza, kwa sababu ya mto mmoja. Ruaha Mkuu unaanza katika safu za Uporoto na Kipengere. Yaani mvua ileile iliyochanua okidi za Kitulo ndiyo inayoteremka kwa mito ya Usangu, ikajaza bwawa la Ihefu, na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iliyoanzishwa mwaka 1964. Kiangazi kikikaza, hifadhi yote hukauka isipokuwa huo mto na madimbwi machache. Nyati, twiga, pundamilia na tandala wakubwa kwa wadogo hawana pengine pa kwenda, na simba anajua hivyo. Kwa hiyo Septemba na Oktoba mtazamaji hahitaji kuzunguka sana. Anakaa karibu na maji na kungoja. Penye mchanga mtupu utamwona tembo akichimba kwa mguu wa mbele na mkonga, polepole, mpaka shimo lifike kina cha unyevu, kisha anasubiri maji yajikusanye na kunyonya yale safi ya juu. Akiondoka, wanyama wadogo wanakuja kunywa kwenye kisima alichowachimbia.

Uone hayo ukijua kwamba ukavu huo si wa asili wote. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 hukatika kila kiangazi, kwa wiki au kwa miezi, hasa kwa sababu ya maji yanayochukuliwa juu kwa mashamba ya mpunga na kwa hali ya bwawa la Ihefu lenyewe. Katika kulinda maji hayo, wafugaji waliondolewa Usangu na eneo hilo likaunganishwa na hifadhi mwaka 2008. Baadaye ukaja mradi wa REGROW, mkopo wa dola milioni 150 uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa ajili ya kukuza utalii wa Kusini. Mwaka 2024 fedha zake zilisimamishwa na mradi ukafungwa, kufuatia malalamiko ya wananchi wanaopakana na hifadhi juu ya kuhamishwa na kuteswa. Msomaji anaweza kuuliza: basi ni halali kwenda? Naamini ni halali, na ni vizuri, lakini namna ya kwenda ina uzito. Hifadhi isiyo na wageni hukosa watetezi, na kijiji kisichopata chochote kutokana nayo hakina sababu ya kuipenda. Lala Tungamalenga au kijiji kingine cha tarafa ya Idodi angalau usiku mmoja, nunua chakula hapo, chukua mwongozaji wa hapo. Ongea na watu kuhusu mto. Utaondoka ukiielewa Ruaha kuliko aliyeshushwa kwa ndege katikati ya pori na kupandishwa tena.

Pingamizi la gharama linakuja hapa kwa nguvu zote. Kiingilio chenyewe, kwa raia wa Afrika Mashariki, hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo ya anachotozwa mgeni. Ukisahau kitambulisho unaweza kujikuta unabishana getini bila ushahidi, kwa hiyo kibebe. Kinachomaliza mfuko ni gari. Kutoka Iringa mjini hadi Ruaha ni zaidi ya kilomita 100, na ndani ya hifadhi huwezi kutembea kwa miguu upendavyo. Dawa yake ni kuwa wengi. Familia mbili zikichangia gari moja kwa siku mbili, na kulala kwenye mabanda ya TANAPA ya Msembe au nje ya geti, gharama ya kila mtu hushuka hadi kufanana na ya wikiendi ya ufukweni. Mmoja peke yake, kusema kweli, hapunguziwi kitu, na huyo nitamshauri aende kwanza kwenye historia ambayo haihitaji gari la kukodi. Wewe unayekwenda Ruaha, vaa nguo zisizo nyeusi wala bluu iliyokolea, maana mbung'o wa Ruaha huzifuata rangi hizo.

Historia hiyo iko karibu na mji kiasi cha kushangaza. Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, iko umbali wa kilomita kama 15, na ndani ya makumbusho yake kuna fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954, baada ya kudaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Lugalo, ambako jeshi la Wahehe lilimshinda kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, tarehe 17 Agosti 1891, iko kando ya barabara ya Morogoro. Mlambalasi, alikojiua Mkwawa tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, iko upande wa barabara ya kwenda Ruaha. Ukiziweka tarehe hizo kwenye kalenda utaona kitu: Lugalo ni Agosti, ngome ya Kalenga ilianguka mwishoni mwa Oktoba 1894, Mlambalasi ni Julai. Ni kiangazi tupu. Ukizuru sehemu hizo katika miezi hiyohiyo, unaiona nchi ikiwa na sura iliyokuwa nayo, vichaka vimepukutika, mawe yamejitokeza, na unaelewa kwa macho jinsi jeshi linavyoweza kujificha kwenye miamba likamngoja adui. Kitabu hakikupi hicho.

Isimila nayo, kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya, inataka ukavu kwa sababu nyingine. Ni korongo ambamo maji yamekata udongo na kuacha nguzo ndefu zilizosimama, na utelezi wake wakati wa mvua si wa watoto wala wazee. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliokota humo vifaa vya mawe, na uchimbaji wa mwaka 1957 na 1958 ukaonyesha kwamba watu waliishi hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mwombe mwongozaji akuruhusu kushika shoka moja. Lina umbo la parachichi lililobanwa, limechongwa pande zote mbili, na linajaa kiganja kwa uzito unaoeleza lenyewe kazi yake.

Baridi nisiipuuze. Juni na Julai Iringa, Mafinga, Makete na Mbeya ni baridi ya kweli, na Makete hupata jalidi asubuhi. Koti zito na soksi ni mzigo wa lazima. Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usilale na jiko la mkaa chumbani, hata mwenyeji akikuletea kwa upendo, moshi usioonekana umeua watu waliokuwa wanajikinga na baridi tu. Ukishindwa kuivumilia, teremka. Matema, kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, iko chini ya mita 500, na mwezi wa saba ina joto la kukaa mchangani wakati Uyole wamejifunika mablanketi. Milima ya Livingstone inasimama hapohapo nyuma ya ufukwe, na mtumbwi utakupeleka Ikombe, ambako wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa mpaka mbali. Nunua kwa mfinyanzi, na ubebe magazeti ya kuvifungia. Njiani, kati ya Mbeya na Tukuyu, kiangazi pia ndicho wakati wa kupanda Ngosi kulitazama ziwa lililo ndani ya kreta, kwa sababu kijia chake cha msituni kikiloa ni utelezi mtupu.

Umbali usikudanganye. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, malori ni mengi, na siku nzima inaliwa na barabara. Mwenye chini ya siku nane achague upande mmoja auzunguke vizuri. Nafahamu kishawishi cha kusema, “Nimefika Iringa, acha nimalizie na Mbeya.” Anayefanya hivyo kwa siku tano anarudi na picha za dirisha la basi. Treni ya TAZARA, ambayo reli yake ilikamilika miaka ya 1970, ni njia nzuri mno ya kuiona nchi kati ya Mlimba na Makambako, kwa mahandaki na madaraja yake, lakini usiifungie ratiba kabla hujauliza stesheni kama inatembea wiki hiyo, na uwe na siku za kuipa.

Imebaki miezi miwili ambayo sina cha kuipamba, Aprili na Mei. Ruaha ina nyasi ndefu na baadhi ya kambi zimefungwa, Rungwe na Kyela mvua ni kubwa kuliko mwaka mzima, na njia za Kitulo zimechoka. Ukiweza kusogeza likizo, isogeze. Ukishindwa, kaa Iringa mjini: Boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa, jiwe la Gangilonga jioni mvua ikikatika, Kalenga siku moja, na sokoni kuchagua vikapu vya milulu. Kikague kila kimoja kwa kukibonyeza ubavuni. Kilichosukwa vizuri hurudi kwenye umbo lake chenyewe. Na kama moyo bado uko Kitulo, mpigie dereva wa Matamba jioni ya kuamkia safari, umuulize mwenyewe kona zimekaukaje.